Ndoa yetu ilipangwa Grand Cayman, meli ikapita bila kusimama

Kibosho_Dada (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mara naona mtu anauliza habari za kufunga ndoa visiwani kwa kutumia meli za kitalii za Karibiani, na wanaojibu wengi wameona picha tu. Mimi nimepanga, nimelipa, nimepanda meli, na ndoa haikufungwa siku ile. Naandika ili mwenye mpango kama wangu asome kabla hajatoa pesa. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, naishi Houston mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mume wangu ni Mkamba wa Machakos. Posa ilishapokelewa, mahari yalishatolewa, wazee wa pande zote mbili walishakaa Kibosho wakala na kunywa pamoja. Kilichobaki ilikuwa ndoa yenyewe. Harusi ya ukumbini hapa Houston tuliipigia hesabu mara tatu: watu 250, chakula, MC, mapambo, mpiga picha, na kamati ya kukutana kila Jumamosi kwa miezi minne huku ukiwadai michango watu unaosali nao. Kisha tukaona meli zinazoondoka Galveston, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka kwetu. Siku saba, chumba na chakula vimo ndani ya bei. Mume wangu akasema, "Twende na watu wachache wanaotupenda, tuoane kisiwani, turudi tuanze maisha." Nikakubali kwa moyo wote. Tukawa watu 16.

Ratiba ilikuwa hivi: Jumapili kuondoka Galveston, siku mbili baharini, Jumatano Montego Bay huko Jamaica, Alhamisi Grand Cayman, Ijumaa Cozumel ya Mexico, Jumamosi baharini, Jumapili nyumbani.

Kwa nini Cayman na si Jamaica? Sheria. Nyumbani Tanzania mnatoa taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla ya ndoa, na Kenya ni 21 vilevile. Jamaica hawana ugumu huo, lakini wanataka mgeni awe ameshakaa nchini saa 24, tena maombi ya kibali yawe yametangulia. Meli inakaa pale mchana mmoja, kwa hiyo haiwezekani. Cayman msafiri wa meli anaweza kuoa siku ileile aliyoshuka. Kuna kibali maalumu cha wasio wakazi, mfungishaji ndoa aliyesajiliwa, mashahidi wawili waliotimiza miaka 18, vitambulisho vyenu, na kama mmoja aliwahi kuwa kwenye ndoa, hati ya talaka au cheti cha kifo. Tukampata mfungishaji kwa barua pepe, tukatuma malipo ya awali, tukaagiza shada la maua, tukachagua Seven Mile Beach, saa nne na nusu asubuhi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. George Town haina gati la meli kubwa. Meli zinatia nanga nje, abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Tena mwezi Aprili 2025 wananchi wa Cayman walilipigia kura suala la kujenga gati, wakalikataa. Bandari yenyewe iko upande wa magharibi wa kisiwa. Siku nyingi za mwaka upepo unatoka mashariki, kwa hiyo kisiwa kinaikinga bandari na maji yanatulia. Lakini kipindi cha baridi, ile baridi ya Marekani inaposhuka mpaka huko chini, upepo unageuka unatoka kaskazini-magharibi, na mawimbi yanaupiga mji usoni. Sisi tulisafiri Februari. Tulichagua Februari makusudi ili tukwepe msimu wa vimbunga, ambao ni Juni 1 hadi Novemba 30, tukaamini hali ya hewa tumeimaliza.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala. Viango vya kabatini vilikuwa vinagongana usiku kucha. Gauni langu nilikuwa nimelitundika kwenye mlango wa bafu likiwa ndani ya mfuko wake, na nikiwa kitandani nililitazama linakwenda kushoto, linasimama kidogo, linarudi kulia. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua pazia. Kisiwa nakiona. Taa zake zinawaka, nyumba zinahesabika, na mbele ya nyumba kuna mstari mweupe unaoinuka na kuanguka. Meli ilikuwa inazunguka taratibu.

Mdogo wangu alikuwa ameshanibana nywele nusu kichwa nahodha aliposema kwenye vipaza sauti kwamba upepo umezidi, boti haziwezi kupakia abiria kwa usalama, na Spotts, upande wa kusini ambako wakati mwingine wanashushia watu bandari ikichafuka, nako hapafai. Tunaelekea Cozumel. Akaomba radhi. Mdogo wangu akasimama na kitana mkononi, hakujua aendelee na nusu iliyobaki au afumue.

Mfungishaji ndoa alikuwa ameshaniandikia kuwa yuko njiani kwenda ufukweni. Nilimjibu mistari miwili, nikakaa chini.

Baba mdogo wa mume wangu ni mchungaji, alikuwa mmoja wa wageni wetu, amekuja kutoka Minnesota. Watu wakamwambia, "Baba, si utufungishie wewe hapahapa?" Alijibu kwa upole lakini hakuyumba: "Bila kibali cha ndoa sitamki maneno ya ndoa. Nitawaombea." Basi jioni tukapanda sitaha ya juu, watu 16 na sare zetu za kitenge, upepo ukanivua shela mara mbili, tukaimba, tukaombewa. Hatukuvaa pete.

Tuliporudi Houston, Jumatatu asubuhi tulikwenda ofisi ya kaunti kuchukua kibali. Texas ukishachukua kibali unasubiri saa 72. Ijumaa jioni, sebuleni kwetu, mchungaji yuleyule ambaye alibadilisha tiketi yake ya ndege kwa pesa yake akatufungisha ndoa. Kati ya watu 16 walikuwepo saba. Gauni nililivaa. Na mama yangu, ambaye meli asingeweza kuipanda, aliona kila kitu kwenye simu. Kibosho ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumamosi. Alikuwa macho na shangazi zangu watatu, wamewasha jiko, wamejifunga khanga, na pete ilipoingia kidoleni vigelegele vilisikika mpaka kwa jirani zetu wa Houston.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja. Ndoa ya kisheria msiifunge kwa ratiba ya meli. Karatasi zimalizike nchi kavu kabla ya kupanda, kisiwani mwende kusherehekea. Na kama roho yenu inataka ndoa ya kisheria kisiwani, nendeni kwa ndege mkalale hapo siku tatu nne. Mkataba wa tiketi ya meli unampa nahodha haki ya kuruka bandari yoyote, na ni haki, kwa sababu anabeba roho za watu. Tulichorudishiwa ni kodi ya bandari ile tu. Mfungishaji alirudisha nusu. Maua hayakurudi.

Maswali yaleteni, nitajibu ninachokijua.

Msafiri_wa_Kwale

Pole sana dada. Hapo kwenye nusu kichwa nimeacha kusoma kidogo, nikarudi. Hongera kwa ndoa. Huyo mchungaji Mungu ampe maisha marefu.

Bwanaharusi_Mtarajiwa

Dada umeniokoa, na pengine bado hujachelewa. Niko Dallas, mchumba wangu yuko Maryland. Tumeshalipia meli ya Miami, Novemba mwanzoni, inapita Nassau, St. Thomas na Sint Maarten. Tulikuwa tunataka kufunga ndoa St. Thomas. Nina maswali matatu. Je, hizo bandari zina gati? Je, nahodha mwenyewe anaweza kutufungisha ndoa baharini ili tusitegemee kisiwa? Na mama mkwe anatoka Mwanza, ana viza ya Marekani, kuna shida yoyote?

Kibosho_Dada

Karibu kaka. Gati zipo zote tatu, Nassau, Charlotte Amalie pale St. Thomas, na Philipsburg, kwa hiyo tatizo langu la boti halitakupata. Za boti nilizozijua baada ya kuumia ni George Town na Belize City, pamoja na baadhi ya visiwa binafsi vya makampuni huko Bahamas. Gati halizuii kila kitu, upepo ukiwa mkali meli inaweza kushindwa kufunga kamba, ila ni nadra zaidi.

St. Thomas ni ardhi ya Marekani, na hiyo ni faida kwenu, cheti kinakuwa cha Marekani moja kwa moja. Lakini kuna siku 8 za kusubiri tangu mahakama yao ipokee maombi. Maombi mnayatuma mkiwa huku bara, mapema kabisa. Wapo waliofika bila kutuma wakaishia kupiga picha.

Na Novemba mwanzoni bado mko ndani ya msimu wa vimbunga. Kilele chake ni Septemba, Novemba huwa inapungua, lakini kimbunga kikija si kwamba meli itasubiri, inageuza njia nzima. Watu wamewahi kukata tiketi ya visiwa vya mashariki wakajikuta Mexico.

La nahodha naomba wanaojua wajibu. La mama mkwe nitalirudia, maana ni zito.

Nanga_Juu

Nimefanya kazi jikoni kwenye meli hizi kwa mikataba minne, nikalisemee la nahodha.

Nahodha si msajili wa ndoa kwa sababu tu ana kofia. Inategemea meli imesajiliwa nchi gani, yaani bendera iliyo nyuma. Bermuda sheria yake inaruhusu nahodha kufungisha ndoa meli ikiwa bahari kuu, Malta pia ipo kwenye orodha. Nchi nyingine haziruhusu. Uingereza ilikuwa hairuhusu, na ndiyo sababu mojawapo kampuni ya Cunard mwaka 2011 ilihamisha usajili wa meli yake Queen Mary 2 na nyingine mbili kutoka Uingereza kwenda Bermuda. Miaka yote ile nyuma ya meli pameandikwa Southampton, ghafla pakaandikwa Hamilton, mji wa Bermuda. Tulizungumza sana habari hiyo kwenye vyumba vya wafanyakazi.

Kwa hiyo kaka, kwanza tafuta jina la meli yako na bendera yake. Pili, hata kama inaruhusu, kampuni inataka maombi miezi kadhaa kabla, kwa sababu kibali kinatolewa na serikali ya nchi ya bendera, nahodha anasimamia tu. Huwezi kumfuata kwenye chakula cha jioni ukamwomba.

Mama_Pacha

Jamani kuna njia ya tatu ambayo watu hawaijui, na sisi ndiyo tuliyoitumia.

Ndoa inafungwa ndani ya meli siku ya kuondoka, meli ikiwa bado imefungwa kamba bandarini. Wageni ambao hawasafiri wanaruhusiwa kuingia, wanashuhudia, wanakula keki, wanashuka, halafu meli inaondoka na bibi na bwana harusi. Mkiwa bandarini Florida mnatumia kibali cha Florida. Wakazi wa Florida wasiosoma kozi ya ndoa wanasubiri siku tatu, wanaotoka majimbo mengine hawasubiri. Kibali kina uhai wa siku 60.

Kwa sisi wahamiaji hii ni kubwa. Nilikuwa na kaka yangu ambaye karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, asingeweza kutoka nje ya Marekani. Kwa mtindo huu aliniongoza mkononi, akanikabidhi kwa mume wangu, saa sita na nusu mchana, akashuka. Meli ilipokuwa inajitenga na gati nilimwona amesimama na suti yake, koti amelitundika begani kwa ajili ya joto la Miami, anapunga mkono. Mwaka wa sita huu, bado namuona.

Muhimu ni majina ya wageni yapelekwe kampuni wiki kadhaa kabla, na kila mtu awe na kitambulisho chenye picha. Aliyesahau kitambulisho anabaki nje, bandari ni kama uwanja wa ndege. Na muda ni mfupi. Wakisema saa moja ni saa moja, hakuna hotuba ya baba mdogo na mama mdogo.

Kibosho_Dada

Mama_Pacha, ningeyajua haya mwaka ule ningelia kidogo tu. Galveston tulikuwa na watu watano waliokuja kutusindikiza mpaka maegesho kwa sababu hawawezi kupanda. Wangeshuhudia ndoa.

Sasa la mama mkwe. Meli ikishatoka Miami, kwa uhamiaji umetoka Marekani. Kurudi Miami ni kuingia upya. Akiwa na viza ya kuingia mara moja, ile safari ya kwanza kutoka Mwanza ndiyo imeitumia, na baada ya siku saba hana ruhusa ya kushuka. Kwa kawaida watamzuia hata kupanda. Fungueni pasipoti yake leo, mwangalie kama viza ni ya kuingia mara nyingi, halafu mwangalie tarehe ya mwisho, halafu mwangalie pasipoti yenyewe ina miezi sita mbele baada ya safari. Kisha muulize kampuni ya meli kwa maandishi kuhusu kila kisiwa, kwa pasipoti ya Tanzania. Sint Maarten ni ya Uholanzi, masharti yake si ya Nassau. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ileile wanaweza kwenda hata na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho, hivyo wenzetu wazungu wakikwambia "haihitajiki pasipoti," wanasema kweli kwa upande wao. Sisi wenye grini kadi tunabeba kadi na pasipoti ya nyumbani, zote mbili.

Masharti ya viza yanabadilika haraka siku hizi. Usikubali jibu la mtu aliyesafiri mwaka juzi, pamoja na mimi.

Jirani_wa_Posta

Naomba niulize bila ubaya. Hizo pesa zote, hizo viza, hayo mawimbi. Nungwi ipo, Paje ipo, Mafia ipo, Lamu ipo kwa mashemeji wa Kenya. Bahari ni ileile ya chumvi, mama yuko karibu, pweza yupo. Kwa nini Karibiani?

Kibosho_Dada

Ndugu yangu, swali ni la haki na niliulizwa na mama yangu kwanza.

Watu wetu wa kila siku wako huku. Aliyenipeleka hospitali nilipofanyiwa upasuaji yuko Houston. Aliyetufundisha kuendesha gari kwenye barabara kubwa yuko Dallas. Ukiwaambia twendeni Zanzibar, tiketi ya mtu mmoja kwenda na kurudi inakaribia au inazidi bei ya chumba cha watu wawili kwenye meli, na likizo ya kazini ni wiki moja, siku mbili zinaishia angani. Nilitaka wawepo. Nyumbani tutakwenda Desemba, kutakuwa na ibada ya shukrani Kibosho na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na hapo kila mtu wa huko atakuwepo. Mama alipoelewa kwamba shukrani ni kwake, alinyamaza, halafu akauliza rangi ya kitenge.

Mwanamji

Assalaam alaykum. Nimesoma kote. Mimi ni wa Mombasa, Old Town, niko Toronto, na nachangia kwa ajili ya Waislamu watakaopita hapa.

Nikaha haina haja ya bahari wala meli. Inataka walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali), na mahari. Walii akiwa Mombasa na binti yuko Toronto, walii anaweza kuwakilishwa na wakala. Wazee wetu walifunga nikaha za mabaharia hivyo, mtu yuko ng'ambo na mkewe anaozeshwa kwetu Kuze, Mombasa. Sisi tulifanya nikaha nyumbani msikitini, baba yangu na mume wangu wameshikana mikono, mimi niko ndani na hina haijakauka, sheikh akaja mlangoni kuniuliza ridhaa yangu. Baada ya hapo ndiyo tukapanda meli, ikawa fungate yetu. Fungate kwa asili ni siku saba, na meli ilikuwa siku saba. Nyanya yangu alifurahi sana kwa hilo, akasema hamkukosea.

Ila naonya jambo moja. Kama nikaha imeandikishwa kwa kadhi na cheti mnacho, nyinyi ni mke na mume kisheria. Msiende kisiwani mkajaza fomu kuwa hamjaoa wala kuolewa. Hiyo ni tamko la uongo kwenye hati ya serikali, na siku mkiomba karatasi za uhamiaji kutakuwa na vyeti viwili vyenye tarehe mbili. Kisiwani ombeni sherehe ya picha tu, wanayo, na ni rahisi zaidi.

Baridi_ya_Toronto

Nyongeza kuhusu kwenda kwa ndege, maana mleta uzi amegusia. Dada yangu aliolewa Jamaica, hotelini Negril, watu 22 kutoka Toronto. Mratibu wa hoteli aliomba nakala za vyeti vya kuzaliwa zilizothibitishwa, na lazima jina la baba liwemo kwenye cheti. Hapo ndipo tulipokwama. Shemeji yangu ni wa Bukoba, cheti chake kilikuwa cha zamani, kimeandikwa kwa mkono, jina la baba halifanani na la kwenye pasipoti. Ilibidi ndugu yake aende RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa Tanzania, kufuatilia, na ilichukua wiki nyingi kuliko tulivyodhani. Tungeanza na cheti kabla ya kutafuta hoteli tusingekosa usingizi.

Barbados ni rahisi kuliko Jamaica, hakuna muda wa kusubiri kabisa, ila lazima nyote wawili mwende ofisini wenyewe. Antigua nayo haina siku za kusubiri. Martinique na Guadeloupe sahauni. Ni Ufaransa kamili, sheria ya Ufaransa inataka mmoja wenu awe amekaa pale angalau mwezi mzima.

Bwanaharusi_Mtarajiwa

Nashukuru wote. Mleta uzi, naomba vitu vidogo ambavyo mtu hawezi kuambiwa na wakala.

Kibosho_Dada

Pasi. Msibebe pasi ya nguo. Wengi wa makampuni haya wanazikataza kwa sababu ya moto, yetu ilichukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo tukaikuta siku ya kushuka. Vitenge 16 vilipigwa pasi kwa zamu kwenye chumba cha kufulia cha abiria, foleni na watu wengine. Si meli zote zina chumba hicho, ulizeni.

Gauni lisiingie kwenye mizigo inayochukuliwa na wapagazi. Libebe mwenyewe mkononi, pamoja na pete, vyeti na dawa. Mizigo ilifika chumbani kwetu jioni, wengine usiku.

Saa. Cayman na Jamaica hawabadilishi saa mwaka mzima. Februari wao wako mbele ya Texas kwa saa moja, kiangazi tunalingana. Meli nyingine zinabaki na saa ya bandari zilikotoka. Mkipanga na mtu wa kisiwani, mwandikie saa ya kisiwani na umwambie hivyo. Na kwa ndugu wa nyumbani msiandike "saa 4" peke yake. Shangazi yangu alikaa kwenye simu saa 6 nzima kabla ya wakati kwa ajili ya ile ibada ya sitaha, kisha mtandao wa meli haukubeba picha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Gharama za pembeni: bahashishi ya wafanyakazi inakatwa kila siku kwa kila mtu, hata mtoto, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20. Anayelala peke yake chumbani analipa karibu bei ya wawili, kwa hiyo wapangeni ndugu wawili wawili. Na fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haimsubiri mtu.

Bima ya safari chukueni mapema, na msome kama inagusa bandari iliyorukwa. Yetu haikugusa.

Nanga_Juu

Na tangawizi mbichi. Kata kipande, tafuna. Jikoni tulikuwa tunawapelekea abiria matofaa ya kijani na biskuti kavu, lakini mimi mwenyewe nilitumia tangawizi miaka yote.

Bwanaharusi_Mtarajiwa

Mrejesho, wakuu.

Tumekaa na mchumba wangu kwenye simu usiku wa jana mpaka saa nane. Meli hatubadilishi. Maombi ya St. Thomas tumeyaacha. Tumeiandikia kampuni kuhusu utaratibu wa Mama_Pacha, wamejibu nafasi ya siku ya kuondoka ipo, saa saba mchana, dakika 45. Kibali tutachukua Miami Ijumaa, sisi si wakazi wa Florida. Wageni wanne ambao hawawezi kusafiri wameshatuma majina.

Viza ya mama mkwe tumeiangalia. Ni ya kuingia mara nyingi, inaisha mwaka unaofuata. Pasipoti yake ndiyo ina miezi minne tu, shemeji anakwenda uhamiaji Mwanza Jumatatu.

Ameuliza kama kwenye meli anaweza kupata ugali. Nanga_Juu, nisaidie hapo.

Nanga_Juu

Ugali wenyewe hapana. Ila meli zinazopita Jamaica au zenye wapishi wa Karibiani huwa wanapika unga wa mahindi kwa namna yao, laini, na asubuhi kuna uji wa ngano. Mwambie mhudumu wa meza siku ya kwanza kabisa, amtaje mama kwa jina lake, aeleze anachokula. Siku ya tatu atakuwa anamletea kabla hajaomba. Unga wenu msibebe, kampuni nyingi zinazuia mizigo ya vyakula.

Kibosho_Dada

Kaka, saa saba mchana ya Miami Novemba mwanzoni angalia tarehe: Marekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kama mnaondoka siku hiyohiyo, Mwanza itakuwa saa tatu usiku, si saa mbili. Waambie mapema, shangazi wasikose.